Kamongo Niliyemtia Bwawani kwa Mama

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, hasa na ninyi mlioketi karibu na mlango ili mponyoke kabla ya sadaka. Nawaona. Mimi pia nilikuwa nakaa hapo.

Naitwa Otieno, niko kidato cha tatu, na jambo la kwanza ninalotaka kusema ni hili: ni mimi niliyemtia kamongo ndani ya bwawa la mama yangu. Si adui. Si jirani mwenye wivu. Hata shetani msimsingizie, siku hiyo alikuwa na shughuli zake kwingine. Ile kazi niliifanya peke yangu, kwa mikono yangu, nikicheka.

Kwa wageni wetu waliotoka mbali: kamongo ni samaki mrefu kama mkono wa shati lililolowa. Anaishi matopeni, ana meno, na kila baada ya muda hupanda juu kuvuta hewa kama mtu. Huyu wangu nilimpa jina la Dikoni, kwa sababu alikuwa anapanda juu polepole, anafungua mdomo kama anayetaka kusema amina, anashusha pumzi, kisha anarudi chini kulala. Wazee wa kanisa, naomba radhi. Mchungaji alipoisoma hii karatasi alitaka nikate hapo, nikamwambia ushuhuda ukikatwakatwa unakuwa matangazo.

Sasa niwaeleze maisha yangu yalivyokuwa.

Sisi tunakaa hapa nje kidogo ya Awasi, mnapajua, pale kwenye udongo mweusi unaovua watu viatu mvua ikinyesha. Baba yetu alifariki nikiwa bado sijui kufunga kamba za viatu. Mama alikuwa anakaanga samaki sokoni. Alikuwa akienda Kisumu alfajiri kuchukua samaki wa ziwani, anarudi nao, anakaanga. Halafu samaki wa ziwani wakaanza kuwa wachache na wembamba, mpaka mama akasema ukiwakaanga wanabaki macho tu. Ndipo akachukua jembe akachimba bwawa. Watu walimcheka. Walisema mjane amechanganyikiwa, anachimba kisima kilicholala chali. Leo tuna mabwawa matatu, na mama anauza vifaranga wa samaki aina ya ngege, yaani wale wachanga ambao wakulima wengine huwanunua wakawakuze kwao. Watu huja na ndoo kutoka pande zote za Kano. Utukufu kwa Mungu!

Lakini mimi, ndugu zangu, niliona aibu. Shuleni waliniita Kifaranga. Mwalimu akiuliza "Otieno yuko wapi?" kuna mtu lazima ajibu, "Ameuzwa!" Nilikuwa nimejiambia kwamba ufugaji wa samaki ni kazi ya watu ambao maisha yamewakataa. Mimi ningekuwa mchekeshaji. Ningesimama jukwaani Kisumu mjini, watu wacheke mpaka viti vivunjike. Mama akinituma kulisha samaki, nilikuwa namwaga chakula chote mahali pamoja, pwaa, kisha nakimbia mpirani. Samaki wa upande ule walinenepa, wa upande ule mwingine waliishi kwa imani.

Dada yangu Akinyi ni mtu wa aina nyingine. Huyo alisomea samaki chuoni, na alipomaliza hakutafuta ofisi. Alirudi nyumbani na mfuko mmoja na maneno mengi. Alimwambia mama kwamba bwawa la vifaranga lazima liwe na maji ya kijani, na ili kujua kama kijani kimetosha, unatia mkono majini mpaka kwenye kiwiko. Ukikiona kiganja chako vizuri, maji hayana chakula, ongeza mbolea. Kiganja kikipotea kabla kiwiko hakijafika, umezidisha, punguza. Basi kila asubuhi ungemkuta Akinyi amechuchumaa kando ya bwawa, mkono umezama, anatazama chini kama anayesoma Biblia.

Mama alisimama nyuma yake siku ya kwanza akiwa ameshika kiuno.

"Yawa, Akinyi! Nilikupeleka chuo miaka yote hiyo ukajifunze kunawa mkono mmoja?"

"Mama, hii ndiyo njia."

"Na ule mwingine unasomewa chuo gani?"

Wakacheka wote wawili. Mama yangu akikupenda anakukejeli. Akikuita kwa jina lako lote pamoja na la ubatizo, hapo ndipo ukimbie.

Shida ilikuwa kwa baba mdogo. Huyu ni ndugu wa marehemu baba yetu, ana duka la vyombo vya nyumbani Kaloleni, mjini Kisumu, na ni mtu mzuri, ananinunulia viatu, simsemi vibaya. Lakini yeye hakuwahi kuyapenda yale mabwawa. Aliona shamba la ndugu yake limejaa mashimo ya maji, na pale angeona miwa. Akija nyumbani, kabla hata hajanywa chai, alianza.

"Mama Akinyi, huyu mtoto ni msichana. Ataolewa. Unamfundisha kazi ili akaifanye kwa nani? Ukizeeka, haya mashimo yatabaki na nani? Fukia, panda miwa, mimi nikusimamie."

Kwa desturi zetu neno la shemeji lina uzito. Mama alimsikiliza, kisha akakubali jambo moja. Bwawa la vifaranga aliliweka mikononi mwa Akinyi peke yake mpaka mvua za kupanda zianze, wakati wakulima wanapokuja kununua. Vifaranga wakitoka vizuri, Akinyi abaki na asimamie kazi yote. Wakikosa kutoka, Akinyi aende Kaloleni kuuza sufuria dukani kwa baba mdogo, na mabwawa yafukiwe.

Akinyi alisema, "Sawa." Neno moja tu. Kisha akamwagia baba mdogo maji ya kunawa.

Na ndugu zangu, ni katika siku hizo ambapo mimi, mjinga wa wajinga, niliona bora nifanye mzaha.

Rafiki yangu Brayo alimnasa Dikoni kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga. Hakuwa mkubwa, urefu wake kama mkono wangu. Brayo alitaka kumchoma. Mimi nikaona mbali, au nilidhani naona mbali. Niliona dada yangu amechuchumaa asubuhi, mkono majini mpaka kwenye kiwiko, ameingia katika ule usomaji wake, na kitu kirefu chenye utelezi kinampapasa vidole. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tulimbeba Dikoni kwenye gunia, nikamtumbukiza bwawani.

Mtaniuliza, "Otieno, hukufikiria wale vifaranga?" Nilifikiria! Nilijiambia kamongo anaishi matopeni, basi anakula matope. Ndugu zangu, mimi pia ninaishi darasani, na mnajua sijawahi kula kitabu hata kimoja.

Asubuhi ya kwanza nilijificha nyuma ya banda la kuku nikisubiri kelele. Akinyi alitia mkono, akautoa, akaenda zake. Ya pili vivyo hivyo. Dikoni alikuwa amejichimbia chini kabisa, na mchana alipanda tu kusema amina yake na kurudi. Nikachoka kusubiri. Mpira ulikuwa unaningoja. Nikamsahau.

Vifaranga wakaanza kupungua.

Hakuna aliyeelewa. Hawakuwa wanakufa na kuelea, ungewaona. Walikuwa wanakosekana tu. Akinyi akirusha chakula, pale ambapo maji yalikuwa yanachemka kwa samaki, sasa yalitikisika kidogo kama uji uliopoa. Alidhani ni ndege, akafunga kamba juu ya bwawa lote na kuning'iniza vifuniko vya chupa vilie upepo ukija. Alidhani ni vyura, akazungusha neti pembeni. Alikonda. Mama alikuwa anapita, anatazama, anaenda zake, na mama asipokejeli nyumbani kwetu ni kama taa zimezimika.

Mimi nilijua siku nilipomwona Dikoni tena. Alipanda juu mbele yangu nikiwa na ndoo ya chakula. Alifungua mdomo. Ndugu zangu, alikuwa amenenepa! Shingo hakuna! Alinitazama kama mtu anayemshukuru mwenyeji wake kwa karamu, akashuka.

Nilijaribu kumtoa kimyakimya. Nilitega ndoano na kipande cha nyama ya sahani yangu mwenyewe, akaikataa. Kwa nini ale nyama ya jana na nyumba imejaa watoto wabichi? Ndipo nikaomba. Hayo yalikuwa maombi yangu ya kwanza ya kweli maishani, maana yale mengine nilikuwa nafungua jicho moja kuangalia nani amelala. Nilisema, "Bwana, mguse huyu kamongo. Mpe roho ya kufunga."

Hakuguswa.

Kwa nini sikusema? Niliogopa mama, hiyo ni kweli. Lakini kuna kitu kingine kilichoniogopesha zaidi. Mimi ndiye wa kuchekesha nyumbani. Tangu baba aondoke, mama akinuna mimi ndiye ninayemtoa huko. Sikujua ningekuwa nani siku watakaponitazama wasicheke.

Kisha ikaja ile jioni tukiwa mezani, mama akaniuliza, "Otieno, wewe unalisha hawa samaki kweli, ama unamwaga tu na kukimbia kama kawaida yako?"

Kabla sijafungua mdomo, Akinyi akajibu. "Mama, Otieno analisha vizuri siku hizi. Mimi huwa namwangalia. Kosa ni langu. Labda mbolea niliikosea."

Ndugu zangu wapendwa! Mtu ninayemmaliza ndiye amesimama mlangoni kunikinga! Sikulala vizuri siku hiyo, na mimi ni mtu ambaye hulala hata kwenye mkesha.

Jumamosi iliyofuata kina mama wa maombi walikuwa kwetu, maana ilikuwa zamu ya mama kuwapokea. Mko hapa, mnakumbuka, mlikunywa chai na mandazi. Na baba mdogo pia alikuja siku hiyo, akapita moja kwa moja hadi bwawani, akasimama, akatikisa kichwa, akarudi. Akinyi alimfuata mama mlangoni. Nilikuwa naosha vikombe, nikasikia.

"Mama, nimeangalia sana. Wateja wakija tutawapa nini? Acha niende Kaloleni. Mapema, kabla watu hawajasema kwamba binti yako alikuharibia jina."

"Subiri wageni waondoke, Akinyi."

"Nimeshafunga mfuko, mama."

Sijui kilichoniingia. Wengine mnasema ni Roho. Mimi nasema kama ni Roho, basi alinisukuma bila kunipa maelekezo, kwa sababu nilikimbia bwawani, nikaling'oa bomba la kutolea maji, na nikaruka ndani na suruali ya shule.

Maji yalianza kushuka. Mimi nilikuwa nimepiga magoti katika tope, napapasa. Tope lile lina kila kitu. Nilishika kijiko ambacho mama alikitafuta muda mrefu. Nilishika soksi. Kisha nikashika kitu kinene, chenye uzima, kilichotulia. Nikajua ni yeye. Nikasema, "Dikoni, leo ni leo."

Dikoni alinikamata kidole.

Si kuumwa kama mnavyojua kuumwa. Ni kama mlango wa gari umekubania na mwenye gari ameenda zake. Nilipiga kelele ambayo wanasema ilisikika mpaka barabara ya Kericho: "YESU! Yesu wangu! Niokoe! Nimekosa! Nimekosa mimi!"

Sasa, ndani ya nyumba kina mama walikuwa katikati ya maombi, na ombi lililokuwa mezani, naambiwa, lilikuwa wokovu wa vijana. Kusikia sauti ya kijana nje inamlilia Yesu na kutubu! Walitoka wote kwa kishindo. Mmoja alikuwa tayari ameanzisha pambio. Mwingine alipiga vigelegele. Wakanizunguka pale ukingoni wakiimba na kupiga makofi, mikono juu, machozi yanawatoka, na mimi ndani ya tope nazidi kulia, nao wanazidi kuimba. Mama mmoja, simtaji, yuko mstari wa pili, alisema, "Mwacheni Roho amfanyie kazi!"

Nikainua mkono. Dikoni akainuka nao, anapiga mkia.

Pambio likakatika.

"Ni kamongo!" nikalia. "Ni mimi nilimweka! Akinyi hana makosa! Amekula vifaranga wote, nilimweka nimtishe Akinyi!"

Nilikuwa nataka kuvuta kidole, lakini Akinyi alishaingia bwawani na viatu vyake vya safari. "Usivute! Ukivuta kitabaki kwake! Mrudishe majini, tulia, ataachia mwenyewe." Alinishika bega, akaushusha mkono wangu taratibu katika maji machache yaliyobaki. "Tulia, Oti. Pumua. Tulia." Mtu niliyemharibia kazi, ndugu zangu, ananiambia nipumue! Dikoni akaachia. Akinyi akamfunika kwa gunia, akambana nyuma ya kichwa, akamrusha ukingoni kwa kina mama, ambao waliruka wote kwa pamoja, juu kuliko walivyowahi kuruka ibadani.

Na hapo ndipo tulipoona. Maji yalikuwa yameshuka mpaka magotini, na pale pembeni kwenye neti, vifaranga waliobaki walikuwa wanarukaruka. Hawakuwa wengi kama walivyopaswa kuwa. Lakini walikuwa wanene, wenye nguvu, wanang'aa. Mama aliinama akamchota mmoja kiganjani, akamgeuza. Katika miaka yake yote hajawahi kutoa kifaranga wa namna ile. Maji ya kijani ya Akinyi yalikuwa sawasawa. Mkono mpaka kwenye kiwiko ulikuwa sawasawa. Kosa lilikuwa mimi.

Baba mdogo alisimama juu ya ukingo, viatu vyake safi, akamtazama Akinyi, akanitazama mimi na damu yangu na tope langu. Akasema, "Haya, Mama Akinyi. Sasa umejionea. Msichana ataolewa, na kijana ndiye huyu. Haya mabwawa utamwachia nani?"

Mama alimjibu. Nitawaambia alichosema, lakini nimalize kwanza kushukuru, kwa sababu mchungaji anaangalia saa.

Namshukuru Mungu kwa kidole hiki. Zahanati walinishona na kunidunga sindano ya pepopunda, mahali ambapo kamongo hakuwa ameniuma kabisa. Namshukuru kwa wateja wetu, maana waliokosa vifaranga msimu ule waliambiwa ukweli, na walicheka, na wengi walikubali kungoja. Nawashukuru ninyi kina mama. Mlisema hamjutii kuimba mapema, kwamba mlikuwa mmetangulia tu. Nami nawaambia ni kweli, mlitangulia. Sikuokoka wakati napiga kelele, kelele ilikuwa ya kidole. Niliokoka pale niliposhikwa bega na kuambiwa nitulie na mtu aliyekuwa na haki ya kunizamisha.

Siku hizi kabla ya shule natia mkono bwawani. Mwanzoni sikuona kitu, kijani tu. Sasa naweza kukwambia kama juzi kulikuwa na jua. Nimejifunza kumtambua ngege jike na dume kwa kuangalia tumbo, na Akinyi anasema mkono wangu ni mwepesi kuliko wake, ingawa alisema kwa sauti ndogo sana. Nimechukua kilimo kama somo la mtihani. Mwalimu wa kilimo alinitaka nieleze darasa zima jinsi bwawa la vifaranga linavyotunzwa, nikaeleza, na walicheka, lakini walikuwa wanaandika huku wanacheka. Kumbe inawezekana! Brayo naye anakuja Jumamosi kutusaidia kuvuta neti. Tunamkagua gunia akiingia.

Vijana wenzangu, ndugu zangu wa kule nyuma mlangoni, nawapenda. Unaomba Mungu akufungulie mlango, na mlango uko nyuma ya jikoni kwenu, mama yako ndiye anaingia na kutoka hapo kila siku na ndoo. Mwamini Mungu. Nenda kesho uulize kwenu wanafanya nini hasa, na kwa nini wanafanya hivyo. Usingoje upate meno ya kukuelekeza. Na kama umemtia mtu kamongo wako bwawani mwake, kwa mdomo wako au kwa mzaha wako, mtoe leo akiwa bado mdogo. Yeye aliyenisikia mimi nikiwa na suruali ya shule ndani ya tope atakusikia na wewe.

Sasa alichosema mama. Vifaranga walikuwa wanaishiwa maji. Mama alikunja leso yake, akashuka bwawani pale tulipokuwa mimi na Akinyi, akarudisha bomba mahali pake, akavuta beseni karibu. Kisha akamjibu baba mdogo bila kuinua kichwa, na haya ndiyo maneno yake yote, sijaongeza chumvi:

"Shemeji, Akinyi akiolewa atakuwa anatoka kwake asubuhi anakuja hapa, vile wengine wanaenda ofisini. Na huyu atakuwa chini yake mpaka apate akili. Haya maji ni yao wawili, nimesema mbele ya hawa mama wote. Otieno, mkono mmoja umeumwa. Leta huo mwingine, tuhamishe samaki."